Kabla Hujawasha Mashine: Ushauri kwa Wanaoanza Kutengeneza Sanamu za Chuma za Bustani

Wengi wanaoanza kazi ya sanamu za chuma huingilia mlango mmoja kati ya miwili: wako mafundi wa kuchomelea waliochoka kutengeneza mageti na madirisha, na wako wachoraji waliotamani mchoro wao usimame wenyewe juu ya ardhi. Mimi niliingilia mlango wa kwanza. Mkono wangu ulikuwa tayari, jicho halikuwa tayari, na makosa yangu mengi ya miaka ya mwanzo hayakutokana na viungo vibaya bali na tabia ya kuwasha mashine kabla sijajua ninatengeneza nini, kitasimama wapi na nani atakuwa akikitazama. Sanamu hukaa karakanani majuma machache tu, kisha hukaa nje miaka mingi ikinyeshewa, ikipigwa jua na kusukumwa na upepo. Kila uamuzi ninaoueleza hapa unaihusu hiyo miaka mingi.

Nianze na kutazama. Ndege wa kwanza niliyelipwa kumtengeneza alikuwa korongo mwenye kimo cha mtu mzima, nami nilimtengeneza kwa kutegemea picha moja. Niliamini, kama wengi waaminivyo, kwamba goti la ndege hukunjika kinyumenyume. Kumbe kiungo tunachokiona katikati ya mguu ni kifundo, na goti lenyewe limefichwa juu karibu na tumbo, chini ya manyoya, likikunjika kuelekea mbele kama la kwetu. Kwa kutolijua hilo niliitundika miguu nyuma mno, na vidole havikuwa chini ya uzito wa mwili. Mteja hakuweza kulitaja kosa, ila alisema kwa upole kwamba ndege wake anaonekana kama anayetaka kuanguka. Alikuwa sahihi, nami nilikata miguu yote miwili na kuanza upya kwa gharama yangu.

Kwa hiyo, kabla ya kukata bamba lolote, chora kiumbe unachokusudia kukitengeneza mara nyingi, hata kama mchoro wako ni mbaya, kwa sababu mkono unaochora hulilazimisha jicho kuhesabu. Mdudu ana miguu sita na yote hutokea kifuani. Buibui ana minane, nayo hutokea sehemu ya mbele ya mwili wala si tumboni. Kereng'ende ana mabawa manne. Buibui mkubwa wa mchongaji Louise Bourgeois aitwaye Maman, aliyetengenezwa mwaka 1999 akiwa na kimo cha zaidi ya mita 9, hamshiki mtazamaji kwa wingi wa vinyweleo, bali kwa jinsi miguu ile minane inavyouinua mwili juu ya vichwa vya watu.

Miti nayo ina hesabu yake. Leonardo da Vinci aliandika katika daftari zake kwamba matawi ya mti, yakikusanywa pamoja katika kimo chochote, hulingana kwa unene na shina lililoyazaa. Kanuni hiyo haiuelezi kila mti kikamilifu, lakini kwa mtu anayeunganisha mabomba ni msaada mkubwa. Shina la bomba lenye kipenyo cha milimita 100 likigawanyika mara mbili, matawi yake hayawi ya milimita 50 kama wanagenzi wengi wanavyodhani, bali ya milimita 70 hivi. Hayo nayo yakigawanyika, yale manne ndiyo yatakayokuwa na milimita 50. Ukipunguza unene haraka kuliko hapo, mti wako utafanana na bomba la maji lililochipua. Ukifika kwenye majani yanayozunguka shina, lizungushe kila moja kwa takriban nyuzi 137.5 kutoka kwa lililotangulia, kama ilivyo katika mimea mingi, na hakuna jani litakalokaa sawasawa juu ya jingine.

Haya yote hayamaanishi kwamba ni lazima uige kila unyoya. Mchongaji Constantin Brancusi alimwondolea ndege wake mabawa, miguu na manyoya, akabakiza mruko peke yake katika shaba nyeusi (bronzi) iliyong'arishwa. Maofisa wa forodha wa Marekani waliipokea sanamu hiyo mwaka 1926 wakaitoza ushuru kama bidhaa ya kawaida ya madini, mpaka mahakama ilipoamua mwaka 1928 kwamba ni kazi ya sanaa. Mteja wako naye ni ofisa wa forodha wa aina yake. Ikiwa yeye anataraji bundi mwenye manyoya yanayohesabika na wewe unakusudia mikunjo mitatu ya bamba, tofauti hiyo ni lazima ijulikane mezani, kwa mchoro na kwa mfano mdogo unaoshikika mkononi. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, nadhani, inawahusu wahunzi kuliko wavuvi.

Baada ya kiumbe, tazama mahali. Nenda kwenye bustani saa ambayo wenye nyumba huitumia, keti wanapoketi, kisha simama kwenye dirisha wanalolifungua kila asubuhi. Sanamu iliyoijaza karakana huonekana imenywea inapotolewa chini ya anga wazi, na sijawahi kukutana na fundi mpya ambaye hakushangazwa na jambo hilo. Dawa yake ni rahisi: kata umbo lake kwa boksi gumu, au funga vijiti na kamba kwa kimo unachokusudia, ukisimamishe hapo siku kadhaa na umwache mteja alizoee. Angalia pia kilicho nyuma. Chuma chenye rangi ya kutu hupotea mbele ya ukuta wa matofali mekundu, ilhali fito nyembamba ambazo hazisomeki mbele ya kichaka huwa wazi kabisa zikiwa na anga nyuma yake.

Uchaguzi wa madini hufuata hapo, wala hautangulii. Chuma cha kawaida ni rahisi kukunja na kuchomelea, lakini bila kinga kitaliwa na kutu. Ni kizito pia: bamba la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 3 lina takriban kilo 23.5, na bawa moja tu la tai laweza kukufikisha huko. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 hufaa bustani nyingi, lakini karibu na bahari chagua 316, ambacho kimechanganywa na madini ya molibdeni yanayokisaidia kustahimili chumvi. Usikisage kamwe kwa jiwe la grenda lililokwisha kusaga chuma cha kawaida, kwani chembe zitakazobaki juu yake zitaota kutu na mteja atadhani umemdanganya. Chuma cha Corten, ambacho hujifunika kutu ngumu inayopunguza kasi ya kuliwa kwake, ndicho kilichotumika katika sanamu ya Angel of the North ya Antony Gormley kule Gateshead, Uingereza, iliyokamilika mwaka 1998. Kinahitaji kulowa na kukauka kwa zamu, na katika miezi ya mwanzo hutiririsha maji ya rangi ya machungwa, kwa hiyo usikisimamishe juu ya mawe meupe.

Sasa maji, ambayo yameniharibia kazi nyingi kuliko upepo. Maumbile yamejaa vikombe: petali, majani yaliyojikunja, magamba, mikono iliyofumbatwa. Kila kikombe cha chuma kinachoelekea juu ni dimbwi, na kutu huanzia pale maji yanapotuama. Toboa tundu mahali pa chini kabisa baada ya kuisimamisha sanamu kwa mkao wake halisi, si ikiwa imelala mezani, maana mahali pa chini hubadilika. Bomba lililo wazi juu nalo lizibwe kabisa, au liachiwe njia ya kutolea maji chini.

Ukikusudia sanamu izamishwe katika zinki iliyoyeyuka ili ipate kinga dhidi ya kutu, basi matundu si suala la kutu tu bali la uhai wa watu. Zinki katika birika hilo huwa na joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Hewa na unyevu vilivyofungiwa ndani ya bomba hupanuka kwa ghafla, na bomba laweza kupasuka na kuwarushia wafanyakazi zinki ya moto. Zungumza na wenye birika kabla hujaunganisha, nao watakuambia matundu wanayoyataka na mahali pake.

Jambo jingine la maji ni kuchanganya madini. Shaba nyekundu ikigusana na chuma penye unyevu, chuma huliwa upesi zaidi kuliko kingekuwa peke yake. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ina ngozi ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 juu ya kiunzi cha chuma. Wajenzi wake walijua hatari hiyo na wakatenganisha madini hayo, lakini kitenganishi kilichakaa, na katika ukarabati wa miaka ya 1980 vyuma vilivyoishikilia ngozi hiyo vilibadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu. Ukitaka ua la shaba juu ya bua la chuma, weka plastiki au mpira kati yake, na boliti nayo izungushiwe.

Kuhusu usalama nitasema machache yasiyo na mjadala. Usichomelee bati lenye zinki kabla hujaisaga zinki hiyo na kuiondoa, kwani moshi wake huleta homa na baridi saa kadhaa baadaye. Usitumie kisafishio chenye klorini kwenye chuma utakachokichomelea, maana mwanga na joto la weldi vyaweza kukigeuza kuwa fosjini, gesi ya sumu inayoua. Macho yaliyopigwa na mwanga huo hayaumi papo hapo. Huanza kuwasha usiku, kana kwamba yamejaa mchanga. Nawe usifunge karakana mara tu baada ya kusaga, kwa sababu cheche iliyoingia kwenye matambara yaweza kufuka muda mrefu kabla ya kuwaka.

Makubaliano na mteja yaandikwe, hata akiwa ndugu. Yaeleze kimo, madini, rangi inayotarajiwa baada ya mwaka mmoja, malipo ya awali yatakayotosha kununua vifaa, idadi ya marekebisho ya mchoro, na nani atagharimia usafiri, msingi na kazi ya kuisimamisha. Suala la msingi ndilo husahauliwa zaidi, na ndilo lililowahi kunila faida yote ya kazi moja.

Msingi huo upimwe kwa upepo kuliko kwa uzito. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne, na mabawa yaliyotandazwa ni tanga. Acha nafasi kati ya manyoya ili upepo upite, na kwa chochote kirefu kuliko mtu mtafute mhandisi akokotoe zege na boliti. Kabla ya kuchimba, ulizia nyaya na mabomba yaliyopita chini. Pitisha kiganja kwenye kila ncha iliyo kwenye kimo cha macho ya mtoto, na usipopenda unachokihisi, isage.

Rudi baada ya msimu mmoja wa mvua, na uliandike hilo katika makubaliano. Kaza boliti, tazama viungo, chokoa matundu. Katika ziara kama hiyo nilikuta ndege wadogo wamejenga kiota ndani ya ua nililolitengeneza, wakaliziba tundu la pekee nililolitoboa, na maji ya rangi ya kutu yalikuwa yamejaa mpaka karibu na ukingo wa nyasi zao. Mwenye nyumba hakutaka kiota kiguswe. Nilitoboa tundu la pili pembeni, taratibu, kwa keekee ya mkono ili nisiwatishe, na tangu siku hiyo kila kikombe kinachotoka karakanani kwangu kina matundu mawili.