Kwa Dereva Mpya wa Lori: Nakuru hadi Kisumu Wakati wa Mvua

Dereva aliyezoea joto la Mombasa huona vigumu kuamini kwamba barabara iliyo jirani na ikweta inaweza kugeuka nyeupe kwa mvua ya mawe, lakini atakayeipita Kericho msimu wa masika atajionea mwenyewe. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo unapanda hadi baridi na ukungu wa Mau Summit, kisha unateremka mpaka tambarare ya Ahero, karibu na mita 1,150.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, fungua matangi ya upepo unaoendesha breki uyatoe maji mpaka upepo utoke mkavu. Maji yakijikusanya humo, breki hudhoofika.

Ninalowasisitizia zaidi wageni wa njia hii ni gia. Gia ya kuteremkia huchaguliwa kabla lori halijainamisha pua, kwa sababu lori lenye mzigo likishashika kasi, ukijaribu kushusha gia unaweza kuikosa na kubaki huna gia kabisa. Kwa anayerudi Nakuru, kipande cha Sachangwan hadi Salgaa kinadanganya: mteremko wake hautishi macho, ila ni mrefu, na hapo ndipo wengine huweka nyutro, yaani huachanisha injini na magurudumu, ili kubania dizeli (ambayo, tusifichane, mara nyingine huishia kwenye mtungi wa kuuzwa). Baada ya ajali ya Migaa, kwenye barabara hii hii, ya alfajiri ya Desemba 31, 2017, iliyoua zaidi ya watu 30, ukuta wa zege ulijengwa katikati ya barabara. Ukuta huo huzuia magari kugongana uso kwa uso. Haumzuii aliyeishiwa breki kumpanda aliye mbele yake.

Breki zenyewe zikanyage kwa uthabiti, mwendo upungue, kisha uziachilie na injini iendelee kulishikilia lori. Ukizikandamiza mfululizo zitashika moto, na harufu ya kuungua ikifika ndani ya kebini, tafuta pa kusimama mara moja, zingali zinashika. Breki ya eksozi, inayobana moshi wa injini ili injini ilipunguze lori mwendo, ni msaada mkubwa, lakini lori likiwa tupu na lami imejaa mawe ya barafu, izime, maana huweza kuyatelezesha magurudumu ya nyuma.

Kwenye ukungu tumia taa za chini, kwa kuwa za juu hukurudishia mwanga machoni. Ukifika Londiani Junction, ambako lori liliacha njia Juni 2023 likaua zaidi ya watu 50, punguza mwendo mapema: wachuuzi na abiria husimama kando ya lami hata kunaponyesha.

Ahero, Mto Nyando ukifurika, usiyaingie maji usiyoona kingo za barabara chini yake, hata kama aliyekutangulia amevuka. Egesha mahali pa juu, upige picha, umtumie mwenye gari kabla hajakupigia kuuliza umefika wapi.