Chaja ya kuweka simu juu haiwaki taa? Anza na kichwa cha kuchomeka ukutani

Pole ndugu. Kama taa haiwaki kabisa hata ukiweka simu juu, usikimbilie kulaumu simu, mara nyingi hapo umeme haufiki kwenye chaja yenyewe. Watu wengi wanaichomeka kwenye kompyuta au kile kichwa kidogo cha zamani cha wati 5, sasa hicho kinazidiwa, azima cha wati 18 au 20 na ubadilishe na waya kabisa, maana nyaya ndo zinakufaga kwanza hasa pale shingoni karibu na pini. Tundu la chaja limulike na tochi, kuna vumbi? Chomoa umeme kwanza ndo utoe taratibu na kijiti cha mbao. Alafu chaja zingine taa inawaka sekunde chache tu inazima, so toa kava uangalie kama simu inaingiza chaji. Ikinuka kuungua achana nayo, usiifungue.