Re: Kanibloki Lichess, je, na akaunti yangu itafungiwa?

Kaka, umeuliza kama kublokiwa na yule jamaa uliyemfunga mara mbili mfululizo kwenye Lichess, ile tovuti ya kucheza chesi mtandaoni, kunaweza kufanya akaunti yako ifungiwe. Hapana. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kubloki ni uamuzi wa mchezaji mwenyewe, haombi ruhusa kwa msimamizi yeyote, na pointi zako hazipungui hata moja. Kinachobadilika ni kwamba huwezi tena kumtumia ujumbe wala mwaliko wa mechi. Ila kwenye mashindano ya arena (yale ya kucheza mechi nyingi mfululizo ndani ya muda uliowekwa) mnaweza kukutanishwa tena, maana pale mfumo ndio unaopanga. Ikitokea, cheza tu, salamu si lazima.

Kufungiwa ni habari nyingine. Huko wasimamizi hukagua, hasa mtu akishukiwa kutumia injini, yaani programu ya kompyuta ya chesi, imchagulie hatua. Kama hujafanya hivyo, lala usingizi wako.

Halafu usithubutu kufungua akaunti ya pili umfuate kumuuliza sababu! Hapo ndipo utaripotiwa kweli. Wengine hubloki kila anayewashinda, wengine hawataki kung'ang'aniwa marudiano (na wewe umesema ulimwomba mara kadhaa). Wapinzani wapo tele usiku na mchana, tafuta mwingine.