Niji siyo 8:00: kwa wadogo zangu mnaoingia Japan Bowl, mashindano ya Kijapani ya wanafunzi

Jumamosi mazoezini nimemsomea dogo mmoja sentensi ya kusikiliza, treni inaondoka kuji, yaani 9:00, saa tatu yetu, akaandika 3:00 kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikacheka afu nikanyamaza, maana kosa lile nalijua, baba mzazi wa kosa hilo ni mimi. Kwa hiyo haya nawaandikia nyie mnaoongea Kiswahili nyumbani huku Marekani na mnaanza ngazi ya Level II mwaka huu. Wengine hawaumwi ugonjwa huu.

1. Acheni romaji, Kijapani cha herufi za a b c. Leo.

2. Shi na tsu, so na n za katakana, hati yao ya maneno ya kigeni, ziandikeni kwa mkono. Kwenye simu unaziona tofauti, kwenye karatasi yako mwenyewe zote mikwaruzo tu.

3. Saa. Hapa kaeni kitako.

Miezi kwetu ni mteremko, hachigatsu mwezi wa nane, unadaka hapohapo wakati wenzio bado wanahesabu Januari Februari kwa vidole. Irabu zao tano kama zetu. Hata kuhesabu vitu, ippon nihon sanbon, yaani kimoja viwili vitatu vya vitu virefu, maana namba inabadilika kwa aina ya kitu, hakukutishi sana maana umekulia kwenye ngeli. Basi unajiona Kijapani ndugu yako wa tumbo moja, ukifika kwenye saa anakugeuka.

Mi nilikuwa kwenye mashindano ya jimbo letu, timu watu watatu, nahodha mimi, wala hakuna aliyenichagua. Likaja swali la kusikiliza: Tanaka-san anakutana na rafiki yake stesheni ya Ueno, gogo niji, yaani 2:00 mchana. Kalamu alikuwa nayo mwenzetu mmoja, dada mpole asiyependa makelele, akaandika 2. Mi kichwani nimeshasikia saa nane, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa najisomea jikoni mama anapika, nataja neno la Kijapani ananiuliza ndo nini hiyo, niji, saa nane mama, haya endelea. Nikamnyang'anya kalamu. Nikafuta 2, nikaandika 8. Akaninong'oneza una uhakika, nikamjibu nimesikia kwa masikio yangu. Na kweli nilisikia sawasawa, hilo ndo linaniuma mpaka leo! Tena gogo inabeba mchana mpaka usiku, kwa hiyo 8 haikuwa na kasoro yoyote ya kunishtua, watu hukutana saa mbili usiku, kwa nini wasikutane.

Fainali tuliikosa kwa swali moja. Kwenye gari kocha akagawa onigiri, matonge ya wali, hakuna aliyesema kitu, mi nakula huku natazama dirishani kama wa kwenye msiba. Nafika nyumbani namsimulia mama, ananiuliza kwani walikutana saa ngapi, namwambia saa nane. Na wewe uliandika ngapi? Nane. Sasa mwanangu kosa liko wapi? Jamani. Ilibidi nichore saa ya ukutani kwenye bahasha ndo akaelewa, akacheka mpaka akakaa chini.

Dawa yake ndogo tu: mkisikia -ji, ile ya saa, msipitie Kiswahili kabisa, ioneni mishale ya saa.

4. Siku za wiki zetu nyingi zina namba, zao ni mwezi, moto, maji, mti, dhahabu, udongo, jua. Zichoreni.

5. Yokka tarehe nne, yooka tarehe nane. Nane tena, nadhani ina kisasi na mimi.

6. Utamaduni msisome usiku wa mwisho. Mikoa ya Japani 47, enzi ya Meiji inaanza 1868, sikukuu ya Setsubun wanarusha maharage. Na Tokyo iliipa Washington miti ya sakura, ile ya maua ya cheri, mwaka 1912, we unakwenda kushindana palepale Washington hujui hilo, si aibu hiyo? Tanakali sauti nazo wengi wanaziogopa bure, mtoto aliyekua anasikia nyeupe pee na kimya jii anashindwaje na pekopeko, ambayo ni njaa tu.

7. Kalamu mpeni mtulivu. Nahodha mwenye mdomo abaki na mdomo wake.

Yule dada tunawasiliana mpaka leo. Tukipanga kuonana mchana ananitumia "niji", afu chini yake picha ya saa aliyoichora mwenyewe, mshale mfupi kwenye 2, kaukolezea wino mwekundu.