Niache wiki 26 za likizo ya uzazi nifuate cheo?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, nimeolewa miaka minne. Kazini kwangu mama akijifungua hupewa wiki 26 kwa mshahara kamili. Ila kazi yenyewe nimeichoka, mwaka wa sita huu nafanya yale yale. Sasa nimepata kazi kwingine, cheo kikubwa zaidi, na mshahara unazidi wa sasa kwa robo. Huko likizo ya uzazi ni wiki 14 kwa mshahara kamili, lakini huipati mpaka utimize mwaka kazini. Mwaka jana mimba yangu iliharibika, na huu ni mwezi wa nane tunajaribu tena. Mume wangu anasema nibaki. Nimepewa wiki mbili nijibu. – Njia Panda*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mimba iliyoharibika. Umeitaja kwa sentensi moja ukapita, lakini mimi nimerudi kuisoma mara kadhaa, maana naona ndiyo inayokuzuia kusaini. Kuiacha ile likizo kunakuuma kama vile umemkatia tamaa mtoto. Sivyo hata kidogo.

Tupige hesabu. Tofauti ni wiki 12. Mshahara ukizidi kwa robo, katika miezi 12 nyongeza hiyo inafikia mishahara yako mitatu ya sasa, kama wiki 13 hivi. Ukiiweka akiba usiiguse, umejilipia mwenyewe wiki zote unazozililia. Makato yatapunguza kidogo, basi.

Ila akiba haikupi ruhusa ya kukaa nyumbani. Ruhusa unaiomba, tena kwa maandishi: wiki 12 za likizo bila malipo juu ya zile 14, na ukirudi uikute nafasi yako.

Sharti la mwaka mmoja ndilo la kuangalia kwa makini. Tangu mimba kutungwa hadi kujifungua ni karibu miezi tisa, kwa hiyo inayokutisha si miezi yote 12. Ni mitatu ya mwanzo, tuseme minne, kwa kuwa watoto wengine huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Lakini usije ukaacha kujaribu miezi hiyo ili kuridhisha kanuni za ofisi. Kwa umri wako, nakukataza. Waombe wao wakuondolee sharti hilo. Wamekuchagua wewe na bado hujasaini. Hutapata wakati mwingine wenye nguvu kama huu.

Huna haja ya kuwaambia unatafuta mtoto. Sema unataka kusoma kanuni zote za utumishi kabla ya kusaini, ombi la kawaida kabisa. Ukizipata, angalia bima ya afya inaanza lini kulipia ujauzito na uzazi, maana nyingine zina kipindi cha kusubiri. Angalia pia kama ukitoka likizo unalazimika kufanya kazi miezi kadhaa, la sivyo urudishe mshahara uliolipwa. Hilo liangalie hata hapo ulipo sasa.

Na wiki 14 usizidharau. Ndicho kiwango cha chini katika Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000, na malipo yake yasipungue theluthi mbili ya mshahara. Mkataba huo unataka pia mama arudi kwenye kazi yake au inayolingana nayo. Si nchi zote zilizouridhia, kwa hiyo soma sheria ya kazi ya kwenu.

Nikwambie langu. Niliwahi kung'ang'ania kazi iliyonichosha kwa ajili ya likizo nzuri ya uzazi. Mtoto alikuja baada ya miaka mitano, na kufikia hapo mwajiri alikwisha kuipunguza ile likizo ikabaki ile ya kisheria. Nililia, si kwa sababu ya zile wiki, bali kwa ile miaka mitano.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: wakikubali kwa maandishi kukuondolea sharti la mwaka, nenda, hata kama zile wiki 12 za ziada watazikataa. Wakikataa yote mawili, baki kwa sasa, ila endelea kutafuta.

Mume wako muulize yeye kwao hupewa siku ngapi za likizo ya baba, na kama atazichukua zote. Anayesema ubaki, naye pia aweke siku zake mezani.

Jambo la mwisho halihusiani na mwajiri yeyote. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 hushauriwa amwone daktari akijaribu miezi sita bila kupata. Nyinyi mko mwezi wa nane, na kuna mimba iliyoharibika. Nendeni wote wawili, kwa sababu tatizo laweza kuwa upande wa mwanamume pia. Weka miadi wiki hii. Barua ya maombi kwa mwajiri mpya iandike kesho, ili wapate siku za kujibu kabla wiki zako mbili hazijaisha.