Maswali ya Wasomaji: Ngao Yako Inamfunika Nani?

Barua tulizochagua safari hii ni za wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, waliojitwika kazi ya ulinzi: mpiganaji wa ngao, babariani (mpiganaji wa hasira), kasisi, paladini (shujaa wa kiapo). Majibu yanafuata kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014. Pale marekebisho ya 2024 yanapobadilisha jambo, tumesema.

Mhariri, salaam. Mpiganaji wangu ana deraya ya mabamba na ngao, kinga 20. Nasimama mbele kabisa, lakini magoblini wananipita kama nguzo ya umeme na kumwendea mchawi wetu. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu wa Morogoro, kusimama mbele peke yake si kulinda. Michezo mingi ya kompyuta ina hesabu ya siri inayomfanya adui amng'ang'anie mwenye deraya. Mezani haipo. Anayeamua ni msimamizi wa mchezo, na goblini akiona chuma kuanzia utosini hadi kidole gumba, halafu nyuma yake mtu wa kanzu, hahitaji kuambiwa pa kwenda. Anashambulia kwa dadu ya pande 20 na nyongeza ya +4, na jumla lazima ifikie kinga ya mlengwa. Dhidi ya kinga 20 lazima dadu itoe 16 au zaidi, yaani nafasi 5 kati ya 20. Dhidi ya mchawi wa kinga 12 anahitaji 8 tu, nafasi 13. Hata wewe ungemwendea mchawi.

Kisha kuna pigo la fursa, kanuni ambayo wengi huisoma mbiombio. Adui hapigwi kwa sababu amepita karibu nawe. Hupigwa anapotoka kwenye eneo unalolifikia, ambalo kwa upanga wa kawaida ni futi 5. Akibaki ndani ya futi hizo anaweza kukuzunguka atakavyo bila kuguswa. Na pigo lenyewe ni mwitikio wako, ulio mmoja tu kwa raundi na haurudi mpaka zamu yako ianze tena. Wakija watatu, mmoja atakatwa na wawili watafika. Tena goblini ana ujanja wa kuzaliwa nao: katika zamu yake anaweza kujitoa kwa tendo la ziada, na aliyejitoa halipati pigo la fursa kabisa.

Dawa rahisi ni mlango. Ramani hugawanywa miraba ya futi 5, na kiumbe hawezi kupenya mraba uliokaliwa na adui yake isipokuwa wamepishana ukubwa kwa daraja mbili, na goblini na binadamu wamepishana moja tu. Mlango wa futi 5 ukisimama ndani yake umefungwa. Ujia wa futi 10 unahitaji watu wawili bega kwa bega. Ukiwa peke yako, mraba uliobaki ni barabara kuu.

Pasipo na mlango, chukua kipaji cha Sentinel. Pigo lako la fursa likimpata adui, mwendo wake unakuwa 0 hadi zamu yake iishe, na kujitoa hakumsaidii. Tena adui aliye ndani ya futi 5 akimshambulia mwenzako badala yako, unaweza kumpiga kwa mwitikio. Lakini mwitikio ni ule ule mmoja, kwa hiyo kipaji hiki kinazuia adui mmoja, hakizuii kundi.

Mchawi naye ana wajibu wake. Goblini hutembea futi 30 kwa zamu. Mchawi aliye futi 40 nyuma yako hafikiwi kwa mwendo huo. Akitaka kumfikia, goblini atatumia tendo lake kukimbia na hatapiga zamu hiyo. Kama maadui wana pinde, mchawi ajipange nyuma yako moja kwa moja: mwili wako unahesabiwa nusu kificho na kumwongezea kinga +2. Na ukifikiria kumkamata adui ili asiondoke, kumbuka kukamata kunataka mkono mtupu, nawe una upanga huku na ngao huku. Kumsukuma aanguke hakuhitaji mkono mtupu. Huchukua nafasi ya shambulio moja, na kuinuka kutamla nusu ya mwendo wake.

Kati ya mitindo ya kupigana ya Protection na Interception, upi unalinda zaidi? Kundi letu limegawanyika. (Msomaji, Eldoret)

Tuanze na kanuni. Protection: adui unayemwona anapomshambulia mwenzako aliye ndani ya futi 5 kutoka kwako, unatumia mwitikio na adui anarusha kwa hasara, yaani dadu mbili, ya chini ndiyo inayohesabiwa. Sharti uwe na ngao. Interception: shambulio likishampata mwenzako ndani ya futi hizo hizo, unapunguza madhara kwa dadu ya pande 10 pamoja na nyongeza yako ya ujuzi. Ngao au silaha yoyote, ya kawaida au ya kivita, inatosha.

Sasa hesabu. Zimwi la aina ya oga linashambulia kwa +6 na rungu lake hutoa wastani wa madhara 13. Mwenzako ana kinga 15, kwa hiyo zimwi linahitaji 9, asilimia 60. Likirusha kwa hasara, 60 inakuwa 36. Umeokoa asilimia 24 ya 13, kama pointi 3 kwa kila mwitikio. Interception katika ngazi za mwanzo inapunguza wastani wa 7.5, na zimwi linapata mara 60 kati ya 100, hivyo umeokoa 4.5. Tofauti nyingine haionekani kwenye hesabu hiyo: Interception unaitumia baada ya kujua kwamba shambulio limepata, ilhali Protection mara nyingi inaliwa na shambulio ambalo lingekosa lenyewe.

Adui akiwa na nyongeza kubwa pengo linazidi. Jitu la moto lina +11. Dhidi ya kinga 15 linahitaji 4 tu, na hasara inalishusha kutoka asilimia 85 hadi 72 hivi. Ngao yako hapo ni pambo.

Hata hivyo Protection ina siku yake. Kupunguza madhara hakufuti ukweli kwamba umepigwa. Makucha ya ghuli yakikupata, lazima urushe dadu ya kujinusuru usipooze kwa dakika nzima, na Interception haizuii jaribio hilo. Dhidi ya sumu, kupoozesha na kukamatwa, afadhali shambulio likose kabisa. Hasara pia karibu inafuta pigo la hatari, lile la dadu kutoa 20 na madhara kuongezeka: kupata 20 kwa dadu moja ni asilimia 5, kwa dadu mbili zote ni robo ya asilimia moja.

Mkitumia kanuni za 2024 mizani inabadilika. Protection sasa inaweka hasara kwenye shambulio hilo na mengine yote dhidi ya mwenzako huyo mpaka zamu yako ijayo ianze, mradi ubaki ndani ya futi 5. Mtu mmoja akizingirwa na wanne, chagua hiyo bila kusita.

Ugomvi mezani huanza kwenye wakati. Protection hutangazwa kabla matokeo hayajajulikana. Msimamizi akirusha dadu kimya kimya halafu aseme "amepigwa, madhara 9", amekunyima haki yako. Kubalianeni kwamba atataja mlengwa kwanza, kisha arushe.

Je, babariani anaweza kuwa mlinzi? Hana ngao wala deraya. (Msomaji, Bujumbura)

Anaweza, na mara nyingi anamshinda mwenye deraya. Akishambulia bila kujali, maadui nao wanapata faida (dadu mbili, ya juu ndiyo inayohesabiwa) wanapompiga. Anakuwa nyama iliyoachwa wazi, na wanamjia yeye. Hasira yake inakata nusu ya madhara ya kudunga, kukata na kuponda, kwa hiyo anaimudu zahama hiyo.

Ukitaka ulinzi hasa, tazama njia ya babariani iitwayo mizimu ya mababu, iliyotolewa mwaka 2017. Kuanzia ngazi ya 3, adui wa kwanza unayempiga katika zamu yako ukiwa na hasira anazongwa na mizimu hiyo mpaka zamu yako ijayo ianze. Akimshambulia mwingine asiyekuwa wewe anarusha kwa hasara, na hata akipata, madhara yanakatwa nusu. Haili mwitikio, na mwenzako hahitaji kuwa ubavuni mwako. Ngazi ya 6 mizimu inaweza kuingia kati kwa mwitikio na kupunguza madhara kwa dadu mbili za pande 6, kwa mwenzako yeyote unayemwona ndani ya futi 30. Kasoro yake ni moja: ukikosa shambulio, mizimu haitoki. Kwa hiyo shambulio la kwanza lielekeze kwa adui wa hatari zaidi, usilimalize kwa kibaraka aliyebakiwa na pointi 2 za uhai.

Mimi ni kasisi. Kila zamu naponya, na bado watu wanaanguka. (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu kuponya hakulingani na kuumizwa. Uchawi wa neno la uponyaji wa ngazi ya kwanza hurudisha dadu moja ya pande 4 na nyongeza yako (kanuni za 2024 zimefanya dadu mbili), wakati zimwi linatoa 13. Utumie kumwinua aliyefika uhai 0, maana aliyelala akipigwa kutoka ndani ya futi 5 huhesabiwa kushindwa mara mbili katika kujinusuru na kifo, na ya tatu ni kaburi.

Zamu zako zipeleke kwenye mazindiko. Ngao ya imani inaongeza kinga +2 kwa dakika 10, ila inataka umakini, na ukivunjika uchawi unaisha: ukipigwa, rusha dadu ya kujinusuru kwa nguvu ya mwili dhidi ya 10 au nusu ya madhara, lililo kubwa. Hifadhi ya Sanctuary haihitaji umakini, lakini inavunjika aliyelindwa akishambulia, na haimkingi na uchawi wa eneo zima kama tufe la moto. Mpe anayetoroka, si anayepigana.

Kifungo cha ulinzi, kile cha pete mbili za platinamu za thamani ya sarafu 50 za dhahabu kila moja, kinaeleweka vibaya. Mwenzako anapata nusu ya madhara, nawe unapata kiasi hicho hicho. Pigo la 20 linakuwa 10 kwake na 10 kwako. Hakuna kilichopungua, mmegawana mzigo tu, na kila fungu lako linajaribu umakini wako. Kifunge ukiwa na uhai wa kutosha, na msiachane zaidi ya futi 60.

Duara la ulinzi linalomzunguka paladini linafika wapi? (Msomaji, Goma)

Kuanzia ngazi ya 6, futi 10. Ngazi ya 18, futi 30. Lazima uwe na fahamu. Wenzako wanaongeza nyongeza yako ya haiba kwenye kila kujinusuru. Mchawi mwenye +2 dhidi ya tufe la moto linalohitaji 15 ili kujinusuru anafaulu asilimia 40. Ukimwongezea +3 anafika 55. Lakini msisongamane kwa ajili ya duara tu: tufe hilo lina nusu kipenyo cha futi 20, na mkilikwepa kwa kutawanyika hamhitaji nyongeza.

Hazina yako ya kuponya kwa mikono, pointi 5 mara ngazi, igawe kidogo kidogo. Pointi 1 inatosha kumwinua aliyeanguka.

Hatuna dadu ya pande 20 na duka la karibu lina za ludo tu. (Msomaji, Songea)

Chukua karata: A hadi 10 za jembe, na A hadi 10 za kopa. Nyeusi husomwa kama ilivyo, nyekundu huongezewa 10. Kwa hasara vuta moja, irudishe, changanya tena, kisha vuta ya pili. Ukivuta mbili kwa pamoja utaharibu hesabu: adui anayehitaji 13 angepaswa kupata asilimia 16, nawe utampa chini ya 15.