Kimulimuli kimepotea kwenye mashine ya pinboli: anza na nyaya, taa itafuata

SWALI

Shikamoo fundi. Marehemu mjomba alikuwa baharia, na katika vitu alivyotuachia hapa Tabata imo mashine ya pinboli, ile meza ya kupiga gololi ya chuma kwa vibao viwili vya chini. Imeandikwa High Speed. Inawaka na inachezeka. Ila juu ya kichwa chake kuna matundu ya skrubu na nyaya mbili zilizokatwa, na shangazi anakumbuka palikuwa na kimulimuli chekundu kama cha gari la polisi. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani nimeonyeshwa kimulimuli cha volti 12 cha gari la wagonjwa. Naweza kukiunganisha moja kwa moja kwenye nyaya zile? Jirani yangu anasema nifunge tu LED za kumetameta, ni rahisi zaidi.

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usikiunganishe moja kwa moja. Nitakueleza kwa nini, halafu nikuelekeze njia ambayo haitaunguza bodi.

Kwanza ujue umerithi nini. High Speed ilitoka 1986, imetengenezwa na Williams wa Chicago, na aliyeibuni ni Steve Ritchie, baada ya yeye mwenyewe kukimbizwa na polisi kule California akiwa kwenye Porsche yake. Mchezo wote ni kisa hicho. Unapiga gololi hadi taa ya barabarani inatoka kijani, inapita njano, inafika nyekundu; kisha unapita kwenye nyekundu kwa makusudi, polisi wanaanza kukufukuza, na hapo ndipo kimulimuli cha juu kinapozunguka. Kwa hiyo ile taa si pambo. Kinachokosekana hapo ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Ndiyo sababu siafiki LED za kumetameta. Taa ya asili haimetimeti, inazunguka. Fungua kofia ya kimulimuli chochote cha zamani uone: balbu imesimama katikati, haiendi popote, kinachozunguka ni kipande cha bati linalong'aa kama kioo, kinazungushwa na mota ndogo. Kwa hiyo mwanga unafagia ukuta, unapita dari, unarudi tena usoni kwa mchezaji. LED inayowaka na kuzima mahali pamoja haiwezi kufanya hivyo. Ukitaka balbu ya LED ndani ya kimulimuli kinachozunguka, hilo sawa kabisa, na hata joto litapungua ndani ya kofia ya plastiki.

Sasa nyaya. Katika mashine za Williams za miaka ile, umeme chanya unakaa kwenye waya mmoja muda wote. Waya wa pili unakwenda kwenye bodi, kwa transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, na kompyuta ikitaka taa iwake inaiamuru transista hiyo iunganishe waya na ethi. Yaani swichi iko upande wa hasi. Fundi wa magari akitafuta "chanya inayokuja na kuondoka" hapa atapoteza siku nzima.

Sitakutajia volti kwa kichwa. Mashine ina karibu miaka 40, imevuka bahari, na aliyekata nyaya hizo huenda alibadilisha mengine pia. Pima. Washa mashine, weka mita ya umeme kwenye DC 200, waya mweusi wa mita uguse ethi, ule mkanda wa waya wa kusuka uliofungwa kwenye chuma ndani ya kichwa. Ule mwekundu gusa waya mmoja, kisha wa pili. Mmoja utakupa volti, andika namba. Wa pili utasoma sifuri au namba ndogo inayoyumba. Na hapa nakusihi uwe mwangalifu: zile namba na herufi za rangi ya chungwa kichwani zinaendeshwa kwa umeme wa volti 100 hivi, chanya na hasi. Mkono mmoja uwe mfukoni, na usiegemee bodi.

Kisha zima, chomoa kabisa, subiri dakika chache. Weka mita kwenye alama ya diodi (kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), waya mwekundu wa mita kwenye ethi, mweusi kwenye ule waya usiokuwa na volti. Ukisoma kati ya 0.4 na 0.7 hivi, transista ina dalili ya uzima. Ukisoma sifuri kamili, imeshikana, na taa yoyote utakayofunga itawaka tangu unapowasha mashine na haitazima. Hapo badilisha transista kwanza. Nyingi ni TIP122. TIP102 inaingia mahali pake na inastahimili zaidi. Usiposoma chochote, ama waya umekatika njiani ama umepita kwenye relei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme, fuatilia.

Kwa nini basi si moja kwa moja? Vimulimuli vingi vya magari vina balbu ya halojeni ya wati 55. Kwa volti 12 hiyo ni karibu ampia 4.6 ikishapata moto, na ikiwa baridi inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi sana. TIP122 imeandikiwa ampia 5. Juu ya hapo kuna mota. Niliwahi kuletewa mashine kutoka Mbezi Beach, fundi aliyetangulia alikuwa ameunganisha kimulimuli cha forklifti moja kwa moja. Kiliwaka vizuri usiku mmoja. Nilipofungua kichwa, njia ya shaba kwenye bodi ilikuwa imenyanyuka kama ganda la kidonda, na transista ilikuwa na tundu. Taa haikudhurika, bodi ndiyo niliyoifanyia kazi siku tatu.

Dawa yake ni relei ya gari, ile ya miguu mitano inayouzwa kila duka la spea. Waya wa mashine wenye volti ufunge kwenye mguu wa 86, ule wa transista kwenye 85. Katikati ya miguu hiyo miwili weka diodi ya 1N4004, mstari wake mweupe ukielekea 86. Usiiruke diodi hiyo. Koili ya relei ikizimwa inarudisha umeme wa ghafla, na anayepigwa ni transista ileile tunayotaka kuilinda. Kama mita ilikupa volti 12 hadi 14, nunua relei ya volti 12. Kama ilikupa 20 na kitu, chukua ya malori, ya volti 24. Ukikuta inapita 30, usifunge kitu, niandikie kwanza.

Umeme wa taa yenyewe utoke kwingine: adapta ya volti 12, ampia 5, kama zinazouzwa Kariakoo kwa kamera za ulinzi. Chagua iliyoandikwa 100 hadi 240, kwa sababu mashine yako naamini inatumia transfoma ya kushusha 230 kwenda 110, na adapta hiyo itafanya kazi upande wowote. Iunganishe baada ya swichi kuu ya mashine ili vizime pamoja. Chanya ya adapta iingie mguu wa 30, kutoka 87 iende kwenye kimulimuli, na hasi ya kimulimuli irudi kwenye adapta. Mguu wa 87a uache wazi. Hasi ya adapta usiiunganishe na mashine. Relei imekutenganishia pande mbili, ziache zitengane. Weka na fyuzi ya ampia 3 kwenye chanya kama balbu ni ya wati 21.

Ndiyo, tafuta cha wati 21. Gerezani waulize kimulimuli kidogo kinachotumia balbu ya indiketa, yenye nukta moja ya risasi kwenye kitako. Inatosha kabisa sebuleni. Ya wati 55 itawaumiza watoto macho. Kofia iwe nyekundu, ingawa utaonyeshwa nyingi za njano. Na kisome chini: cha volti 24 ukikipa 12 kitazunguka kwa uvivu na mwanga utafifia, muuzaji anaweza kukwambia "kinafanya kazi" na isiwe uongo. Kikishafungwa kibaki kwenye mashine. Gari binafsi kuwekewa kimulimuli ni kosa, usije ukakihamishia kwenye Noah ya familia.

Mota za namna hii zina brashi, na brashi zinatoa kelele ya umeme inayoweza kuifanya kompyuta ijizime na kuanza upya katikati ya mchezo. Choma kwa risasi kapasita moja iliyoandikwa 104 (mikrofaradi 0.1) kwenye miguu miwili ya mota. Ni kitu cha bei ndogo, na kimeniokoa mara nyingi.

Jambo moja la hapa kwetu: hewa ya bahari. Ncha za zile nyaya zilizokatwa utazikuta zimeingia kutu ya kijani ndani ya plastiki. Usichome risasi juu ya kijani. Kata sentimita mbili au tatu hadi uone shaba safi, na kama waya umekuwa mfupi unganisha kipande kipya, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto.

Ukimaliza huna haja ya kucheza hadi taa iwe nyekundu ndipo ujue. Fungua mlango wa sarafu, ndani kuna vitufe vya majaribio. Ingia kwenye jaribio la koili, mashine itapiga moja baada ya nyingine. Ikifika zamu ya kimulimuli utasikia relei ikilia "ta" kabla mota haijaanza. Relei ikilia na taa isiwake, kosa liko upande wa adapta. Isipolia, rudi kwenye transista.

Kabla hujanunua chochote, nitumie mambo matatu: volti uliyosoma, namba ya jaribio la diodi, na rangi za nyaya zile mbili pamoja na mstari wa kila mmoja. Kwa rangi hizo nitakuonyesha transista ipi kwenye bodi ndiyo yake.